Uzito wa Kapita Miguuni Pangu

Harufu ya jiwe lililolowa na chuma kilichosuguliwa ndiyo iliyonirudisha kijijini kwetu Kirolirwe, nami nilikuwa mbali kweli kweli, katika mji wa Thiers huko Ufaransa, ambako visu vimetengenezwa tangu enzi za mababu wa mababu zao. Mpwa wangu Noella, anayesoma huko, alitaka nione nyumba za mbao zilizoinamia vichochoro na madirisha ya maduka yanayometameta makali. Vyaelea vimeundwa, nilistaajabu kwa haki. Kisha tukateremka mtoni, kwenye karakana ya zamani, na mwanamke aliyetuongoza akatuonyesha mbao ambazo wanoaji walizilalia kifudifudi, pua juu ya jiwe linalozunguka. Baridi ya mto iliwatafuna, akasema, kwa hiyo mnoaji alikuwa na mbwa wake wa kumlalia miguuni. Watalii wakacheka kwa huruma, wakapiga picha. Mimi nilishika ukuta. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mbwa wetu aliitwa Kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwa kuwa aliwasimamia ng'ombe wa majirani bila kuajiriwa na mtu. Alikuwa na rangi ya udongo, sikio moja limeraruka, mwizi wa maziwa asiye na haya. Msimu mmoja nilipokuwa mtoto, maharagwe yalikuwa yamekauka shambani na hakuna aliyethubutu kuyang'oa, maana watu wenye bunduki walipita barabarani, leo hawa, kesho wale, na wote walikuwa na kiu ileile ya damu. Milio ikianza, tulikimbilia kwenye mahindi tukalala kifudifudi. Kapita alikuja nyuma yangu akajilaza juu ya miguu yangu, joto tupu, kimya. Ng'ambo ya bonde mbwa wa watu wengine alibweka. Jioni tuliwakuta wenye mbwa huyo wamekatwa kwa mapanga palepale walipojificha, na mtoto bado yuko mgongoni mwa mama yake.

Baada ya kuwazika, wanaume wa kilima chetu walikuja kwa baba. "Papa Furaha," mmoja akasema, "hii imbwa itatuuwisha siye wote. Uimalize."

"Papa, haikubweka hata siku moja!" nililia.

"Mutoto, nyamaza. Nimesikia," baba akajibu. Lakini hakumuua. Nadhani alinionea huruma.

Wenye bunduki waliporudi ilikuwa mchana kweupe. Walichoma nyumba ya mwalimu. Tukamsikia akimwita mama yake, kisha hakuita tena. Halafu mabua ya mahindi yakaanza kuvunjika karibu nasi, buti kwa buti. Nilihisi ngurumo ikianza tumboni mwa Kapita, nikaihisi kwa miguu kabla haijawa sauti. Mama akanisukumia mkono wake mdomoni. Baba alitambaa, akambana mbwa mdomo kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akampitishia kisu shingoni. Damu ya moto ilinimwagikia vigimbini. Kapita alinipiga mateke, akatetemeka, akalegea, nami niling'ata mkono wa mama mpaka nikakuta mfupa. Buti zilisimama. Mtu mmoja akakojoa kwenye mahindi, akawapigia wenzake mluzi, wakaenda zao. Sisi hatukuthubutu kusogea, na joto lile likanitoka miguuni polepole, mpaka nikabaki na mzigo wa baridi.

Sijui hata leo kama angebweka. Nilimchukia baba, na nilikuwa hai kwa sababu yake. Yote mawili yalikaa ndani yangu mpaka siku tulipomzika. Hakufuga mbwa mwingine. Mama ana kovu la meno yangu, na mtu akimuuliza husema alijikata akimenya mihogo.

Huko Thiers kisu ni zawadi ya harusi, kinafungwa kwa utepe. Kirolirwe bado watu wanalala kwenye mahindi. Nikipiga simu, jambo la kwanza ninalosikiliza ni kama kuna mlio nyuma ya sauti zao. Watalii walikuwa wakipokezana kulala juu ya ubao ili wapigwe picha. "Mama mudogo, lala na weye nikupige foto," Noella akasema. Hajui habari za Kapita, hakuna aliyemwambia. Nililala kifudifudi.

"Tabasamu basi! Mbona unafunga macho?"

Nilikuwa nangoja uzito miguuni.