Maji Yaliyochemshwa na Mungu

Huku tulikoshukia sisi watu wa mlimani, upande wa Kisaki, ardhi inachemka yenyewe. Maji yanatoka chini ya jiwe yanafuka moshi, yananuka kama yai viza, na pembeni yameacha ukoko mweupe kama magadi. Ukiyashika yanateleza utadhani umepaka sabuni. Tumeyatumia kwa kila kitu: kunyonyolea kuku, kuchemshia mihogo ukiifunga kwenye kiroba, kukandia magoti. Mzee akishindwa kuinuka kitandani, anabebwa akalowekwe kama kunde. Hayo yote sina ugomvi nayo.

Ubaya nilioufanya ni mwingine.

Mwanangu alipopata kibarua cha miwa Turiani aliniachia binti yake, ndiyo kwanza kaachishwa ziwa. Kwetu ndivyo, mtoto akiacha ziwa anakuja kwa bibi. Akaanza kuharisha, nikampeleka zahanati. Nesi wa pale alikuwa anaongea kwa puani kama mbu ndani ya chandarua: "Bibiii, mtoto apewe maji yaliyochemshwaaa." Nikamwitikia vizuri. Njiani nikawaza: kuni ziko mbali, mgongo ndio huu, na pale jirani Mungu anachemsha mchana kutwa, hajaomba hata kijiti. Basi nikaanza kuchota pale. Naweka mtungini, yanapoa, harufu inakwisha, mtoto anakunywa. Tumbo likatulia. Nikajiona mjanja kuliko wanawake wote wanaokwenda mtoni.

Mtoto akiwa na miaka mitatu hivi, akaja bwana maji na chupa zake na vikaratasi vinavyogeuka rangi. Mtu wa kaskazini, mpole, kila akiongea anaziba mdomo kwa mkono. Akatukusanya.

"Aisee mama zangu, haya ya kuoga sawa. Kunywa, hapana. Yakipita kwenye mawe ya moto huko chini yanabeba madini, yanaitwa floridi. Yakiwa kidogo yanakaza meno, yakizidi yanaharibu meno ya watoto, yale ambayo bado yanajitengeneza ndani ya fizi. Na ukiyachemsha hayatoki, ndiyo kwanza yanakolea."

Akashusha mkono. Meno yake yalikuwa ya kahawia kama ukuta wa jikoni.

"Mimi nimekulia kwenye maji ya hivi. Nitazameni."

Wewe ungenyamaza. Mimi nilisubiri pikipiki yake ikate kona tu, nikasimama katikati ya wanawake, nikaziba mdomo. "Aisee mama zangu, nitazameni!" Nikashusha mkono, nikawatolea meno yangu yote, meupe, meno ya kwetu Kinole, yaliyoota kwa maji baridi ya mlimani. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Jirani yangu peke yake ndiye aliyeuliza, "Lakini shoga, huyo mtoto wako je?"

Nikamjibu kwa sauti ileile ya bwana maji. Akacheka, yakaisha. Wiki nzima nilimwigiza yule bwana kwenye palizi za watu. Na mtungi nikaujaza palepale.

Meno ya utoto yalikuwa meupe, nikazidi kumcheka bwana maji. Yakang'oka. Yakaja mapya yana mistari kama ya chaki, halafu yakawa manjano, mpaka yakaingia kahawia. Akiwa darasa la pili akaniuliza, "Bibi, mbona meno yangu yako hivi?"

Nilijua. Pale pale nilijua. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, hiyo damu ya kwa baba yako. Ukoo wao wote vinywa kama vyungu vya zamani." Baba yake mtu wa kuja, alishaondoka, hayupo wa kujitetea. Nikamwigizia na mashangazi zake ambao sijawahi kuwatia machoni. Akacheka, na mkono akauweka mdomoni. Uleule mkono wa bwana maji. Siku ile nikaacha kuchota pale, kimyakimya. Walioniuliza niliwaambia njia ya mtoni ina upepo mzuri.

Mwezi uliopita mjukuu wangu huyo, sasa mke wa mtu, alikuja kunionyesha mwanawe. Kitoto kinaota jino la kwanza. Akakipitishia kidole kwenye fizi, akasema taratibu, "Bibi, naomba tu asichukue damu ile ya kwa baba yangu. Nimeshamwambia mume wangu, hatuzai mwingine mpaka niyaone meno ya huyu."

Mdomo wangu huu unaojua sauti za kijiji kizima nikaufungua. Nikamwambia yote: nesi, kuni, mtungi, bwana maji.

"Alisemaje huyo bwana?"

Nikainua mkono nimwigize, maana ndivyo ninavyojua kusimulia. Nikaushusha. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, hii mbovu: kuoga sawa, kunywa hapana.

Akawa anambembeleza mtoto.

"Na mashangazi? Miaka yote nimewachukia, bibi."

"Niliwatunga."

"Kwa hiyo siyo damu."

"Siyo damu, mama. Ni mimi."

Akamwangalia tena mwanawe kinywani, kile kijino cheupe, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo kichwani. Nami nikaanza kucheka naye. Halafu nikaona mkono wake unapanda wenyewe, hata hajui, unaziba mdomo.