Kondoo wa Bi Earline

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili ya Agosti, na ndani ya Kanisa la Baptisti la Mlima Hermoni joto limeshakalia benchi la mbele kabla ya waumini. Bi Earline Poteat, miaka 67, anapita benchi hadi benchi akiweka mapepeo ya karatasi, manane kila benchi. Kila pepeo lina picha ya mwanamume mwenye suti nyeusi na tai ya bluu. Mahali pa kichwa pana kondoo.

"Usicheke," anasema bila kugeuka. "Hii ni kazi ya kisheria."

Kwa miaka 22 Bi Earline ametunza jengo la kanisa hili mjini Belzora, Mississippi, kwa dola 260 kwa wiki. Jumapili huvaa glavu nyeupe na kuwa mkuu wa wakaribishaji. Orofa ya chini kuna chekechea ya watoto 31, ambao wazazi wao hulipa wanachoweza. Kinachopungua hutoka kwa watu wanaolichangia kanisa.

Mapepeo ni zawadi ya Shemasi Lucius Gaddis, mwenye kampuni ya mazishi. Belzora nzima inaujua uso wake, kwa kuwa imejipepea nao miaka mingi. Chini ya picha paliandikwa: "Gaddis. Nitakuwa nawe hadi mwisho." Kwa asili ya kazi yenyewe, hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Mwaka huu Shemasi anagombea kuwa mchunguzi wa vifo wa kaunti, na kura ni Jumanne. Ili kubana matumizi, alitumia picha ileile na maneno yaleyale kwenye mabango ya kampeni. Hivyo kanisa likajikuta na mabango 240 ya mgombea katikati ya ibada, na halikuwa na habari.

Mwenye habari alikuwa Bw. Thaddeus Rucker. Huyu ni mpinzani wa Shemasi, Mmethodisti wa ng'ambo ya reli na, ili mambo yasiwe mepesi, mwenye kampuni nyingine ya mazishi. Jumatano alileta barua. Kanisa lililosamehewa kodi, aliandika, haliruhusiwi kumpigia debe mgombea. Nyuso hizo zisipoondoka kufikia Jumapili, barua ya pili ingekwenda kwa watu wa kodi.

"Mchungaji Kimbrough aliisoma, akakaa chini," anasema Bi Earline. "Msamaha ukiondoka, wachangiaji wakubwa, wanaopunguziwa kodi kwa sadaka zao, wanaondoka nao. Chekechea inafungwa. Na mimi naanza kutafuta kazi, na magoti haya."

Kuyatupa tu mapepeo hakukuwezekana. Kiyoyozi kilikufa Julai ya mwaka jana, na Agosti yake wazee watatu walizimia kabla mahubiri hayajafika katikati.

"Na mahubiri ya Mchungaji," anaongeza kwa heshima zote, "katikati ni mbali."

Ijumaa Bw. Rucker alirudi na sanduku.

"Dada Earline, nimekuletea dawa. Mapepeo mapya mia mbili na arobaini, bure."

Bi Earline alichungulia. "Ndugu Rucker, haya yana uso wako."

"Ni uso tu."

"Na hapa chini wameandika 'Mchague Rucker'."

"Basi changanya nusu kwa nusu, yangu na yake. Haki kwa wote."

"Ili watu waanze kubadilishana kwenye mabenchi, tupate matokeo kabla ya Jumanne? Beba sanduku lako, baba. Ufagio uko karibu."

Akalibeba.

Katika kabati la shule ya Jumapili palikuwa na mzigo wa wanakondoo wa karatasi. Wakati wa Pasaka kanisa liliagiza 25. Mchapaji akaleta 2,500. Jumamosi nzima Bi Earline na wanawake wanne walikaa jikoni na gundi, samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi. Maneno ya chini waliyakata kwa mkasi.

"Tulianza tukiomba, tukamaliza tukicheka," anasema. "Dada Vernell alisema Shemasi hajawahi kupendeza hivi."

Hakuna aliyethubutu kumwambia Shemasi mwenyewe. "Nilipomzika mume wangu mvua ilinyesha. Lucius alinishikia mwavuli mpaka koleo la mwisho, yeye akalowa. Leo namlipa kwa kumgeuza mnyama."

Saa tano ibada inaanza. Shemasi Gaddis anaketi, anachukua pepeo, analitazama kwa muda mrefu. Wa kwanza kucheka ni mkewe, Bi Odessa. Shemasi anasimama. Bi Earline anazivuta glavu zake vidoleni.

"Dada Earline," anasema kwa sauti yake ya makaburini, "nina upara tangu mwaka 1998. Leo umenirudishia nywele. Asante."

Anaketi, anajipepea. Kanisa zima linasema amina.

Mchungaji Kimbrough anatangaza kuwa Jumanne basi la kanisa litampeleka yeyote kupiga kura. "Dereva hatakuuliza unampa nani. Ukimwambia, utashuka utembee."

Kwenye benchi la nyuma yuko Bw. Rucker, simu mkononi kupiga picha za ushahidi. Anainua pepeo la kwanza, la pili, la tatu. Kondoo, kondoo, kondoo. Wimbo wa pili haujaisha, naye anajipepea kwa mpinzani wake.

Baada ya ibada, ndani ya sahani ya sadaka, inapatikana bahasha iliyoandikiwa watu wa kodi, imefungwa, ina stempu. Nyuma pameandikwa kwa kalamu: "Sitaituma. Pepeo nimeondoka nalo."

Stempu haijagongwa muhuri. Jikoni, Bi Earline anaishikilia bahasha juu ya mvuke wa birika mpaka stempu inabanduka. Ataibandika kwenye barua ya shukrani kwa Bw. Rucker, na hafanyi mzaha.

"Asingetuonya, tungeendelea kukosa bila kujua. Namshukuru kabisa. Ila sanduku lake asilirudishe."

Na yeye mwenyewe atampa nani kura?

"Hapa nimevaa glavu," anajibu. "Niulize nikizivua, nje ya lango."

Anaomba apate kiyoyozi kabla ya Agosti ijayo. Uchaguzi utarudi baada ya miaka minne, na kondoo waliobaki kabatini bado wamepita elfu mbili. Lakini mpango wake wa karibu ni mdogo zaidi.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi nafungua mlango wa chini," anasema, akivua glavu ya kwanza. "Watakuja wote thelathini na mmoja."