Senge Alijua Siku

Dereva wa lori ndiye aliyeliona doa kwanza. Nilikuwa nimesimama katika kibanda chetu cha kuchapa fomu za forodha hapa Malaba, nimevaa blauzi nyeupe, naye akanyoosha kidole kuelekea tumboni kwangu.

"Dada, umejimwagia soda?"

Nikainama. Doa jekundu, dogo kama shilingi, lilikuwa katikati ya tumbo. Nikamwambia ashughulike na mizigo yake. Kisha nikaenda chooni, nikafunua nguo, nikakuta kitovu kinatoka damu.

Kidonda hakikuwepo. Kulikuwa na kivimbe cheusicheusi tu, ukubwa wa punje ya haragwe, ambacho nilikuwa nimeshakizoea. Kilivuja siku tatu, kikanyamaza. Mwezi uliofuata kikavuja tena. Nilinunua pamba na plasta, nikafunga, nikarudi kuchapa fomu. Sikumwambia mtu. Ungeanzia wapi kumwambia mtu kwamba unavuja damu pale ulipotenganishwa na mama yako?

Mwezi wa tatu simu ikalia. Alikuwa senge, dada ya baba, anayeishi nyumbani kwetu Marachi. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Siku hiyo hata hakunisalimu.

"Imeanza kuwasha?"

"Nini, senge?"

"Kitovu. Jumanne itatoka damu. Vaa nguo nyeusi."

Akakata simu. Kitovu kilikuwa kinawasha tangu asubuhi. Jumanne, kabla ya saa nne, damu ikatoka.

Nyumbani kwetu kitovu cha mtoto kikikauka na kuanguka, senge ndiye hukizika chini ya mgomba, na ni yeye tu ajuaye ni mgomba upi. Kwa hiyo anayetaka kukudhuru huanzia hapo, na hilo kila mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kusoma. Elimu yangu yote ilinitoka siku moja. Nilimwona senge akilini mwangu, mwanamke ambaye hakuzaa, aliyerudishwa kwao na mume angali msichana, amechuchumaa juu ya kitovu changu akikibonyeza kila mwezi. Nilikuwa bado sijazaa. Nikasema, basi huyu ameamua tufanane.

Nilienda nyumbani mchana kweupe kumkabili. Nilimkuta shambani, peke yake, jembe mkononi.

"Nionyeshe mgomba wangu," nikamwambia.

Alinipeleka bila kuuliza sababu. Chini ya mgomba ule udongo ulikuwa umechimbwa upya, bado mbichi. Senge akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba juu ya gauni langu, pale pale kwenye kivimbe, bila kupapasa.

"Inauma ukiinama?"

Nikausukuma mkono wake.

"Usikubali mtu akukate na wembe," akasema. "Hata mimi nikikuambia, kataa."

Alinitengenezea chai. Sikuionja. Nilipanda pikipiki nikaapa kwamba nitarudi pale siku ya mazishi yake tu, na wakati ule nilimaanisha.

Hofu ndiyo iliyonifikisha hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Alikitazama kivimbe, akauliza swali moja: hii damu inakuja siku zako za hedhi? Zilikuja pamoja, kila mwezi, nami sikuwahi kuziweka pamoja kichwani.

Akaandika kwenye karatasi: endometriosisi ya kitovu. Akanieleza kwamba nyumba ya mtoto ina utando ndani, ule unaobomoka kila mwezi ukawa hedhi. Utando kama huo unaweza kuota nje ya nyumba yake, mara nyingi ndani ya nyonga, mara chache sana kitovuni. Popote ulipo, unafuata homoni zile zile.

"Haujui kama umepotea," akasema. "Siku ikifika, unatoka damu na wenzake."

Nywele zilinisimama kuliko siku ya mgomba. Uchawi ningeombewa ukaondoka. Lakini huu ulikuwa mwili wangu wenyewe, umekaa mahali si pake, unahesabu siku kimyakimya. Niliuliza kama nitazaa. Alisema wengi huzaa, wengine hupata taabu, tutaangalia. Wakanipasua, wakatoa kile kivimbe, wakakipeleka maabara.

Nilipopona nilivunja kiapo changu. Nataka kusema ukweli: nilienda kumkomoa senge, ajue hana nguvu juu yangu. Niliweka karatasi mezani kwake.

"Si uchawi. Ni ugonjwa, na una jina."

"Lisome."

Nikalisoma. Akaniomba nirudie, polepole. Kisha akainuka, akafunga mlango na jua likiwaka, akapandisha blauzi. Hakuwa na kitovu. Palikuwa na ngozi iliyokunjamana, makovu yamepishana juu ya makovu.

"Walikata mara tatu," akasema. "Mama mkwe na wenzake, na wembe. Walisema nimebeba kitu. Kila mwezi ilirudi, mpaka siku hedhi ilikauka."

"Ulijuaje yangu?"

"Krismasi ulikuwa unajifunga leso, nikaona hiyo kitu. Na ulikuwa kwa siku zako. Nikahesabu."

"Na ule udongo?"

"Napalilia. Ni mgomba wako, nani mwingine atapalilia?"

"Mbona hukuniambia, senge?"

"Ningekuambia nini? Sikuwa na jina yake."

Nikalia kwa aibu. Nikamwambia nilidhani yeye ndiye mchawi wangu.

"Najua. Hukukunywa chai."

Akachukua karatasi ya daktari, akaitazama muda mrefu, ameishika juu chini, maana hakusoma shule. Akaomba niliandike tena lile jina, kwa herufi kubwa kubwa, za mtu asiyeona vizuri. Nililiandika nyuma ya fomu ya forodha niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso.

"Kuna mzee huko Kocholia," akasema, "alinirudisha hapa na sanduku langu. Bado anaishi. Kesho unipeleke, nataka asome hii kabla hajakufa."