Siku Niliyoiita Mifupa Makala

Jamani, mpaka leo nikipita mtaa wa Katoyi natembea nikitazama chini, na sababu yake nitawaambia mnicheke, mkishamaliza mnihurumie kidogo.

Mimi nafundisha kemia chuo kikuu hapa Goma, na kwa muda mrefu pamoja na wanafunzi wangu nimekuwa nikitengeneza chujio la kupunguza floridi, ile inayotoka kwenye mawe ya volkano, ikaingia kwenye maji ya chemchemi na kuwatia watoto meno ya kahawia. Kinachofanya kazi humo ni mifupa ya ng'ombe: tunaichukua machinjioni, tunaichoma hadi iwe myeusi, tunaisaga, maji yanapita ndani yake. Mama Neema wa Katoyi ndiye aliyenikubali wa kwanza. Meno ya Neema yalikwishaharibika na hayarudi, lakini mdogo wake Baraka alikuwa bado na meno ya utoto, na mama yao aliniambia wazi, "Prof, huyu tu uniokolee." Akawavuta majirani zake waje kwenye maonyesho ya chuo.

Asubuhi ile, nikiandika bango, mkono ulisita kwenye neno mifupa (nikawaza, hawa akina mama watachukia, tutawaeleza wakishazoea), nikaandika "makala maalumu", maana kwetu makala ni makaa. Mimi huyu, ninayempa mwanafunzi sifuri akisahau kuandika kilichomo kwenye chupa!

Mwanzoni mambo yalinyooka: hotuba, makofi, akina mama wakanywa, Mama Neema akaomba kikombe cha pili, nami nimetuna ndani ya koti langu jeupe la labo, na kwa kutuna huko nikalipiga chujio kofi waone lilivyo imara, kifuniko kikachomoka, chombo kikapinduka, na kwa vile tulikuwa tumesaga harakaharaka, umeme umekatika, kikatoka kipande kizima cha taya, cheusi, kina jino, kikatulia katikati ya uwanja.

"Ile ni jino," mama mmoja akasema.

Jirani yake hakuuliza mifupa ya nini. Aliuliza, "Ni mifupa ya nani?"

(Mnaujua mji wetu, mnajua tumezika wangapi, swali lile halikuwa la kijinga hata kidogo.) Hapo ningesema ng'ombe, neno moja tu, yakaisha, lakini hofu ilinirudisha darasani nikausikia mdomo wangu ukisema "fosfati ya kalsiamu". Aliyeuliza akatapika. Wengine wakakimbilia getini wakitema mate, nami nyuma yao na jagi mkononi, nikipiga kelele "ni ng'ombe! ni ng'ombe!", nikinywa huku nakimbia ili wanione, hadi maji yakanipalia nikapiga magoti nikikohoa mbele ya waendesha pikipiki.

"Muzee, kunywa polepole, hakuna mutu anakunyanganya!" mmoja akasema, na wenzake wakacheka mpaka wakaegemea pikipiki zao.

Kicheko kile nilikizoea. Nisichokizoea ni Jumapili iliyofuata, nilipokwenda kwa Mama Neema na chujio jipya. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinipa kiti.

"Prof, si tunapikaka mifupa mu supu? Kama ungetuambia ni ya ngombe, tungekunywa."

"Basi nakuambia sasa, mama. Ni ya ng'ombe."

"Sasa nitajua aje?"

Baraka akaingia, akajimiminia maji ya chemchemi kutoka kwenye bidoni, akanywa yote mbele yangu, na mimi niliyejua kilichomo sikuthubutu kufungua mdomo. Niliumia sana. Nikabeba chujio langu nikarudi nalo.

Siku hizi, kabla sijasalimia watu, naweka taya zima mezani na kusema ni la ng'ombe. Wapo wanaokataa, wapo wanaochukua, na nimeapa sitamficha tena mtu kitu anachokunywa. Katoyi hawajachukua hata chujio moja. Na nasikia Baraka ameng'oka meno mawili ya mbele, mapya yanaanza kuchungulia.