Mkaa Kwenye Ukuta wa Kilabu

Kabla wakimbizi hawajaja, katuni za kijiji chetu cha Bukiriro zilikuwa zangu. Ukuta wa kilabu cha pombe ya ndizi ulipakwa udongo mweupe, nami nilichora kwa mkaa: mgombea mwenye shingo ndefu akiahidi barabara, diwani kalala juu ya magunia ya maharage. Watu walicheka, wakaniita fundi, wakanipa mrija wa kwanza wa kunywea mtungini. Chini ya kila sura niliandika ni ya nani, maana nisipoandika wengine waliuliza.

Ndipo akaja Mrundi mmoja, mkimbizi. Kwao alikuwa akichorea magazeti, lakini huku alitoka kambini kila asubuhi kumlimia mama mwenye kilabu, akilipwa ndizi. Siku moja aliegemeza jembe, akaokota mkaa jikoni, wala hakuniomba ruhusa. Alichora mkubwa mwenye kitambi kwenye kiti kilichobebwa na watu waliokonda. Pembeni, wanajeshi wanamburuta chini. Mwisho, mwanajeshi mmoja amekalia kiti kilekile, kitambi kimeshaanza kutokeza, na wabebaji ni walewale. Hakuandika hata neno moja.

Mzee mmoja alitazama, akacheka mpaka akapaliwa. "Mapinduzi hayo," akasema. Nani alimwambia? Hakuna.

Nilimwonea wivu. Kesho yake niliwahi kilabuni peke yangu nikafuatisha ule mstari wa kitambi kwa kidole. Niliona alivyoufanya, na nikajua mkono wangu hauwezi. Nilimchukia hata kwa upole wake, kwa kunisalimia vizuri. Wanywaji walimsogeza karibu na mtungi, mimi nikajikuta nakaa mlangoni.

Krismasi ilipokaribia, ukuta ulikuwa upakwe udongo upya. Mama mwenye kilabu alisema hataki tena wachoraji wawili wanaonuniana. Kila mmoja achore picha moja, wanywaji waamue ukuta ni wa nani. Sikulala vizuri wiki nzima. Nikiukosa ule ukuta, ningebaki mkulima kama wengine.

Nikachagua mada ambayo mgeni asingeiweza: Mtanzania na mkimbizi. Yeye angejua nini kuhusu Mtanzania? Nilimchora mwananchi amesimama wima na jembe lake begani, na mkimbizi ana godoro na blanketi kichwani. Safari hii sikuandika kitu. Kama yeye anaweza, na mimi naweza.

Mrundi alichora wagombea wanagombania mtungi uliopasuka. Ilikuwa nzuri, naumia kusema. Kisha wanywaji wakaja kwenye picha yangu, na yule mzee akainama karibu na ukuta.

"Mjukuu wangu, mkimbizi ni yupi hapa?"

Nilidhani ananitania. Nikamwonyesha mwenye godoro. Akakataa. Mwenye jembe ndiye mkimbizi, alisema, si ndio wanaotulimia siku hizi? Na mwenye godoro ni mtu wa hapahapa, anatoka kambini alikobadilisha ndizi zake kwa godoro la msaada. Mwingine akabisha. Wakatazama sura, nazo hazikuwasaidia, kwa sababu nilichora sura ninazozijua, na sura za Bukiriro ni hizo. Kilabu kizima kiligawanyika, kikabishana kwa Kihangaza chetu, na wakimbizi waliokuwepo wakabishana nao kwa Kirundi bila mtu kuhitaji mkalimani. Mwisho wote wakacheka. Wakasema nimewaambia jambo kubwa: kwamba hakuna wa kumtofautisha na mwenzake. Mama akatangaza ukuta ni wangu.

Nilikuwa nimekusudia kinyume kabisa. Hata hivyo nikapokea mrija wa kwanza.

Mrundi hakucheka. Aliikaribia picha yangu akasimama mbele yake, na nilimwangalia usoni nikitafuta walau dalili kidogo ya uchungu wa kushindwa. Ningefurahi mno kuiona.

"Kwetu walichagua wa kuua kwa kutazama pua za watu," alisema. "Miaka yote nilitafuta picha hii, sikuipata."

Akaniuliza niliipataje. Nikamjibu kwamba ilikuja tu. Aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyezidiwa na fundi wake, halafu akageukia ukuta na kulia waziwazi mbele ya watu wote.

Ukuta ulikuwa wangu, na mrija ulikuwa mkononi mwangu. Nilikaa pale nikimwonea wivu kwa machozi yale, kwa sababu picha ilikuwa yangu na mimi sikuhisi kitu.