Niliyoyasema Ruangwa Juu ya Albamu ya Nne

Kabla sijafika kwenye aibu yenyewe, ambayo niliifuata kwa miguu yangu na kwa nauli yangu, ni haki nieleze kwanza hali zilivyokuwa, maana hapa Nachingwea mkasa huu umekwisha kusimuliwa kwa namna nyingi, na katika zote mimi natokea mjinga kuliko nilivyokuwa (mjinga nilikuwa, sikatai, lakini nilikuwa mjinga mwenye utaratibu).

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na tangu ujana wangu ninazo kaseti nne za bendi iliyoitwa Radi Kavu. Walikuwa vijana wanne wa Dar es Salaam waliopiga roki nzito wakati wenzao wote wakipiga dansi, magitaa yakikoroma kama mashine ya kukoboa, ngoma zikilia kama mtu anayevunja mlango, na baada ya albamu ya nne wakaachana bila kumweleza mtu sababu. Nilikusudia kuandika maelezo kamili ya jinsi sauti yao ilivyobadilika kutoka albamu ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna aliyeniomba kazi hiyo. Utaratibu wangu ulikuwa huu: kila albamu niliisikiliza kiangazi kizima, kwenye redio kaseti ile ile moja, nikaandika niliyoyasikia katika daftari nene la kwaya tatu, kisha nikaifunga kaseti kwenye nailoni na kuifungia sandukuni, isiguswe tena mpaka kazi yote iishe, kwa kuwa utepe huchakaa kwa kuchezwa na mimi sikutaka kuchakaza ushahidi wangu. Kati ya albamu moja na nyingine ilipita miaka mitatu, wakati mwingine minne, kutegemea mitihani na palizi ya mikorosho.

Na nilichokigundua kilinitetemesha. Albamu ya kwanza ilikuwa ya kasi na hasira. Ya pili ilikuwa imetulia kidogo, ya tatu besi ilikuwa ikitambaa, na ya nne iliburuzika chini kabisa, mwimbaji akitoa sauti nene ya mtu aliyelia siku tatu, kana kwamba bendi nzima inabeba jeneza. Nikaandika kwamba vijana wale walizama katika huzuni hatua kwa hatua, na kipindi cha mwisho nikakiita Kipindi cha Msiba. Nililieleza jambo hili kwa walimu wenzangu, kwa wanafunzi, na kwa mke wangu, Mama Rehema, ambaye alifika mahali pa kulimalizia kabla yangu.

Sasa Bakari. Bakari ni mnunuzi wa ufuta pale Ruangwa, na ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za babu zetu, maana yake anaweza kuniambia lolote mbele ya watu, hata msibani, nami sina ruhusa ya kukasirika, naye vivyo hivyo kwangu. Radi Kavu mimi ndiye niliyemwonjesha. Mimi ndiye niliyemwonyesha duka la kununua kaseti zake. Yeye huzisikiliza huku anapima magunia, vumbi likiingia, hana daftari, hana hata kalamu inayoandika. Basi fikirini nilivyojisikia nilipoletewa kwenye simu tangazo kwamba Jumamosi, saa nane mchana, katika banda la video la Ruangwa, zitasikilizwa albamu zote nne za Radi Kavu, na mtaalamu Bakari atafafanua mabadiliko ya sauti ya bendi hiyo.

Mtaalamu. Nililisoma neno hilo mara nyingi kuliko nilivyowahi kulisoma swali la mtihani. Chakula cha jioni sikukimaliza. Mama Rehema akaniuliza kama ni tumbo, nikamwambia ni tumbo, akanitazama, akasema, "Baba Rehema, kama unakwenda, nenda ukakae, usikilize, urudi."

Angeniambia hivyo mtu mwingine ningemsikia. Lakini asubuhi ya Jumamosi nilifanya uamuzi mmoja mdogo, mdogo kweli, wa kutia redio kaseti yangu kwenye mfuko, nimeizungushia kitenge, pamoja na daftari na ile kaseti ya nne, eti endapo itahitajika. Katika basi niliipakata njia nzima, na mama mmoja wa Ruponda aliyekaa kando yangu akaniuliza mtoto ana umri gani.

Banda lilijaa. Bakari alikuwa amekalishwa mbele kwenye kiti chenye mto, amewekewa maji ya chupa, amepewa maikrofoni, na (hili ndilo lililonichoma) watu walikuwa wakimwita mwalimu. Aliponiona akaniinukia kwa furaha, akatangaza kwamba mtani wake amefika kutoka Nachingwea, jamani msogezeeni benchi, huyu hata mguu wa kuku huula akiandika maelezo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno.

Alizungumza vizuri. Nasema hivi leo. Siku ile nilikuwa nikihesabu makosa yake. Alisema bendi ilianza kwa hasira, kisha ikajifunza furaha, na kwamba albamu ya nne ndiyo ya kasi na nyepesi kuliko zote, sauti ya vijana waliokwisha kujijua. Mimi nikawa natikisa kichwa ili walio nyuma yangu waone. Kisha akaicheza albamu ya nne kwenye redio yake, na kwa kweli ilitoka mbio, gitaa likirukaruka, mwimbaji ana sauti ya kijana mwenye afya njema.

Nikasimama. Nikasema kwamba nimeifanyia kazi hii albamu kiangazi kizima, kwamba hiyo tuliyoisikia siyo, na kwamba Bakari ameighushi kwa kuiharakisha ili ikubaliane na maneno yake.

Bakari akaishusha maikrofoni, akanitazama, akaniuliza taratibu, "Mtani wangu, hilo umelisema kwa utani, au kwa kweli?"

Hapo nilifunguliwa mlango mpana kabisa wa kutokea. Ningesema ni utani, tungecheka, ningerudi Nachingwea na daftari langu.

Nikasema, "Kwa kweli."

Nikaifungua redio yangu kutoka kwenye kitenge, nikatia kaseti yangu, nikabonyeza. Msiba ukajaa bandani, mzito, wa polepole, kama nilivyouandika. Nikawatazama watu kwa ushindi. Bakari akaomba kaseti ile ile, akaitia kwenye redio yake, na vijana wakatoka mbio tena, wazima, wamefurahi. Nikasema basi redio yake ndiyo mbovu. Akasema inawezekana, lakini tutajuaje?

Ndipo akainuka Bi Zainabu, mwuza vitumbua wa mlangoni pale, ambaye katika ujana wake aliimba kwenye harusi za Ruangwa yote hadi Chunyu, na sauti yake, nyembamba na kali, kila mtu bandani alikuwa anaijua tangu utotoni. Kaseti yake moja ya harusi huwa haibanduki kwenye meza ya Bakari ya kupimia ufuta, na meza hiyo siku ile ilikuwa imeletwa bandani. Bi Zainabu akaichukua, akanikabidhi mwenyewe. Redio ya Bakari ikamtoa Bi Zainabu kama alivyo. Kisha nikaitia kwenye yangu, na likatoka dume, ndugu zangu, dume la makamo lenye kifua kipana, linamsifu bibi harusi polepole kama linamsomea hukumu.

Bi Zainabu akasikiliza hadi ubeti ukaisha. Akasema, "Mwalimu, mimi ndevu sijaota."

Sitaeleza kicheko kile. Kilikwenda nje, kikachukua watu barabarani, kikarudi nao. Bakari alikuwa ameshaigeuza redio yangu kifudifudi, anafungua skrubu, akauvuta kwa ncha ya bisibisi ule mkanda mdogo wa mpira unaozungusha kaseti. Ulikuwa umelegea, unaning'inia. Akaniuliza niliubadilisha lini. Sikuwahi. Na hapo, mbele ya banda zima, nilielewa mwenyewe bila kuambiwa: mwaka wa albamu ya kwanza mpira ulikuwa mpya, mwaka wa albamu ya pili umelegea kidogo, wa albamu ya tatu zaidi, na mimi, kwa kuwa nilizifungia kaseti za nyuma sandukuni zisichakae, sikurudi hata mara moja kulinganisha. Ile huzuni yote ya hatua kwa hatua ilikuwa ya mpira. Daftari zima la kwaya tatu nilikuwa nimeandika jinsi mpira unavyozeeka.

Nilikunja kitenge changu niondoke. Bakari akanishika mkono. Akasema, bila maikrofoni sasa, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba mtani akikasirika kweli hutozwa, na yeye anatoza daftari. Nikamwambia achukue redio. Akasema redio ni mbovu, wote wameisikia. Watu wakapiga makofi. Desturi ni desturi, nami ndiye niliyeivunja. Nikampa, na nawaambieni kwamba kicheko cha ndevu hakikuniuma kama kuona daftari lile likiwekwa juu ya meza yenye vumbi la ufuta. Nilijua atalisoma mbele ya watu, ukurasa kwa ukurasa, Kipindi cha Msiba na yote, nami nitakuwa kichekesho mpaka Nanganga.

Baada ya wiki mbili alikuja Nachingwea mwenyewe, hakulileta daftari, alileta mpira mpya. Aliufunga barazani kwangu huku Mama Rehema akimmiminia chai. Akasema amesoma usiku kadhaa. "Ya kwanza hakuna mtu aliyewahi kuielewa kama ulivyoielewa wewe," akasema. "Zilizobaki, mtani, njoo tuzisikilize upya."

Tangu siku hiyo sijasema neno lolote hadharani juu ya sauti yoyote kabla sijaisikiliza kwanza kwenye redio ya mtu mwingine, na sitasema.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ninakwenda Ruangwa. Bakari hukaa kwenye kiti chenye mto, mimi nakaa kwenye benchi. Tangazo bado linaandika mtaalamu Bakari, na bado linanichoma. Sura ya kwanza ya daftari, ile ya albamu ya kwanza, husomwa kwa jina langu. Daftari liko kwake.