Turbo Kwenye Utelezi wa Kanazi

Napenda magari, na ndiyo maana yananitia kichefuchefu. Asiyeyapenda huona bati na magurudumu, akapita zake. Mimi nilijifunza ufundi kwenye gereji ya misheni, nikilala chini ya pikapu moja kuukuu isiyojua haraka, ambayo ilipanda vilima vya Ngara kama mbuzi. Tairi zake zilikuwa nyembamba. Tairi nyembamba hukata tope mpaka ikakuta ardhi ngumu, na kwa udongo wetu wakati wa masika hilo linatosha.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walikimbia vita, wakavuka daraja la Rusumo mpakani wamebeba magodoro na watoto, na kutoka upande wetu yakaja magari ya mashirika ya misaada kuwapokea. Sijawahi kuona magari mengi kiasi kile, wala upuuzi mwingi kiasi kile wenye namba za usajili. Meupe, marefu, ubavuni yameandikwa TURBO kwa herufi kubwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanamume mwenye nguvu haandiki kwenye shati lake kwamba ana nguvu. Lakini wenye viwanda walishagundua kwamba mnunuzi hanunui injini, ananunua namna atakavyotazamwa, basi wakamuuzia maandishi, na bampa la chuma, na taa juu ya paa, na rimu pana za kung'aa. Springi na klachi, vitu vinavyolifanya gari liwe gari, hakuna aliyeviuliza.

Madereva nao walikuwa balaa. Lami ya kutoka Rusumo waliigeuza uwanja wa mashindano, mbuzi wetu wakaisha kwa kugongwa. Mabosi walikaa vikaoni huku injini zinanguruma nje, ili wakitoka wakute kiyoyozi kimeshapoza viti. Nilikuwa nikipita pale nasikia hamu ya kutema mate, na mara nyingine nilitema.

Ila waliouchefua moyo wangu zaidi ni sisi wenyewe. Kwetu Kanazi mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya kusuka yenye miti ya kuweka mabegani. Kila mtaa ulikuwa na chama chake. Ukiitwa, unaacha jembe unakwenda kutoa bega. Asiyekwenda alitozwa pombe ya ndizi, na akirudia, siku ya kuugua kwake atajua mwenyewe atafikaje hospitali. Wabebaji walipokezana huku wanatembea. Kumtua mgonjwa njiani ilikuwa mwiko, labda awe amekata roho. Magari yalipojaa, wanaume wakaanza kusema kwamba kubebana mabegani ni ushamba. Mikutano ya chama ikafa. Ingobyi ya mtaa wetu ikatupwa bandani, kuku wakaitagia.

Masika hayo dada yangu akashikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Mkunga wa mtaani alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, afikishwe hospitali leo hii, la sivyo tutampoteza mmoja wao au wote wawili. Shemeji, mume wa dada, hakushtuka. Mkuu wa kampuni moja ya kuchimba visima vya kambini alikuwa amepanga nyumba kilima cha pili, na alikuwa amemwahidi gari la kumfikisha dada hospitali. Lilikuwa la turbo, naam. Nilishamwambia shemeji kwamba tairi zile pana ni za lami, kwenye utelezi zitateleza kama ndala. Alinicheka.

"Shemeji, wewe una wivu tu. Lile lina nguvu za farasi zaidi ya mia."

Alisema hivyo kana kwamba kuna farasi aliyewahi kupanda kilima chetu mvua ikinyesha.

Mtu alitumwa kuliita alfajiri. Tukangoja, na dada akazidi kulegea. Ndipo tukasikia injini inalia huko bondeni, inalia mfululizo, na sikuhitaji kwenda kutazama. Dereva mjinga akikwama hukanyaga mafuta, na kadiri anavyokanyaga ndivyo anavyojichimbia. Niliwaita wanaume mwenyewe. Nitawapa haki yao: walikuja. Kuku wakafukuzwa, ingobyi ikakung'utwa, dada akalazwa ndani yake, tukaondoka karibu mbio.

Bondeni tukalikuta limeinamia mtaro, tope limefika kwenye yale maandishi. Yule bosi wa visima alikuwa ndani, peke yake, injini inawaka. Akashusha kioo.

"Nilikuwa nakuja kwenu. Nisukumeni kwanza, halafu nimchukue mgonjwa. Atafika haraka."

Nilisema tusisimame.

"Shemeji, tumia akili," mume wa dada akaniambia. "Na gari la watu haliachwi hivi hivi."

Wenzake wakakubali. Wakamtua dada yangu kwenye majani mabichi kando ya barabara, wakaenda kuegemeza mabega yao kwenye bampa la chuma. Mimi nilibaki nimemkinga uso kwa jani la mgomba. Akafumbua macho.

"Kaka, mbona wamenitua? Nimekufa?"

"Hujafa. Wanasukuma gari."

Akafumba macho tena. Walisukuma, wakakata matawi, wakasukuma tena, na kila bosi alipokanyaga mafuta walirushiwa tope mdomoni wakalitema wakicheka. Hatimaye likatoka. Bosi akakitazama kilima cha kwenda hospitali. Akasema pale mbele ni pabaya zaidi, gari si lake, ni la kampuni, likiharibika atajibu nini. Akatupa pole. Akageuza kurudi kwake kusubiri jua likaushe njia, na wale wanaume, Mungu wangu, wakampungia mikono.

Tulimbeba dada mpaka hospitali. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa ameshakufa, na nesi akatoka wodini amekasirika kuliko mimi. Akauliza wabebaji wote hawa walichelewa wapi, maana mtoto alikuwa hai mpaka muda mfupi uliopita.

Shemeji akavua kofia, akamjibu kwa adabu, kama mtu mwenye sababu ya kutosha.

"Tulikuta gari limekwama, sista. Ikabidi tulisukume kwanza."